Tuwalinde Wanaotufunga Vidonda

(Mazungumzo ya mwalimu wa shule ya msingi kambini, aliyoyatoa mjini Kigali mbele ya wajumbe wa kamati, washauri wa afya, mafundi na wageni kutoka mashirika, wakati wa kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kamati imeamua kuyachapa katika toleo hili la kumbukumbu kwa faida ya wale ambao hawakuweza kusafiri.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati,
Waheshimiwa wageni wetu kutoka mashirika yanayotuhudumia,
Wazee wetu, akina mama na akina baba,
Walimu wenzangu, mafundi na vijana,



Kamati iliniomba niseme maneno machache juu ya huduma ya kwanza mahali pa kazi. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuzuia damu, kufunga jeraha na kumlaza vizuri mtu aliyezimia. Wengi wenu mnayajua hayo, na wengine mmeyasoma vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo leo sitasema sana juu ya aliyeumia. Nitasema juu ya yule anayemkimbilia aliyeumia. Yeye analindwa na nani?

Swali hili si dogo. Kila siku kuna mtu kati yetu anayegusa damu ya mwenzake. Seremala anakatwa na msumeno, na fundi wa meza ya pili anamshika mkono. Mtoto anatoka damu puani katika uwanja wa shule, na mwalimu anamfuta. Kinyozi anamkwaruza mteja kwa wembe. Mama mshonaji anachomwa na sindano ya cherehani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda umuganda na majembe na mapanga, na ni mara ngapi mtu amerudi na kidole kilichofungwa kwa kipande cha kitenge? Aliyekifunga alikuwa amevaa nini mikononi? Mara nyingi hakuwa amevaa kitu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mimi leo naongeza: mkono mtupu usifunge kidonda.

YALIYOTOKEA HAPA KIGALI MWAKA 2024

Ndugu zangu, tumekutana katika mji ambao umejifunza jambo hili kwa machozi.

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia nchini. Marburg ni ndugu wa Ebola. Huanza kama malaria: homa kali, kichwa kuuma, misuli kuuma, kutapika, kuharisha. Baadaye wagonjwa wengine hutoka damu. Virusi vyake hupita kwa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Asili ya mlipuko ule ilitafutwa hadi ikaonekana kwenye popo wala matunda waliokuwa ndani ya mgodi.

Watu 66 walithibitishwa kuugua. Watu 15 walifariki, 51 walipona. Tarehe 20 Desemba 2024, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, Serikali na Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba mlipuko umekwisha. Kwa ugonjwa ambao mahali pengine umeua zaidi ya nusu ya waliougua, Rwanda ilifanya kazi kubwa, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wake.

Lakini angalieni hesabu hii. Kati ya kila wagonjwa 10, karibu 8 walikuwa wahudumu wa afya. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa hospitali mbili za hapa Kigali. Ugonjwa haukuwakuta sokoni wala kwenye basi. Uliwakuta kazini, wakimhudumia mtu ambaye hawakujua ana nini. Hao walikuwa watu waliosoma miaka mingi, wenye glavu, sabuni na maji ya bomba. Hata hivyo damu na majimaji ya mgonjwa yaliwapata kabla ya jina la ugonjwa kujulikana.

Tarehe 6 Oktoba 2024 chanjo ya majaribio ilipoanza kutolewa, wahudumu wa afya ndio waliowekwa mbele. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Akianguka anayehudumia, nani atawahudumia wengine?

HISTORIA INATUAMBIA JAMBO LILE LILE

Hata jina la ugonjwa huo limetoka kazini. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara za Marburg na Frankfurt, na wengine wa Belgrade, waliugua baada ya kushika damu na viungo vya nyani walioletwa kutoka Uganda. Wafanyakazi hao, pamoja na wale waliowauguza, walifika watu 31, na 7 wakafa.

Sisi tuliotoka Congo tunalijua jina la Yambuku. Mwaka 1976, wakati nchi ikiitwa Zaire, Ebola ilionekana mara ya kwanza huko. Katika hospitali ya misheni, wauguzi walikuwa wakipewa sindano 5 kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa nje. Sindano ilisuuzwa kwa maji, ikatumiwa tena. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, na huko pia wahudumu wa afya waliugua kwa makumi. Walipopata glavu, barakoa na nguo za kujikinga, maambukizi kati yao yalipungua sana.

Jirani zetu wa Uganda wanamkumbuka Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu. Ebola ilipoingia mwaka 2000, yeye ndiye aliyeutambua ugonjwa huo mapema na kuwapanga wenzake kupigana nao. Waliokuwapo wanasimulia kwamba usiku mmoja alikimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitoka damu. Alivaa glavu, barakoa na joho. Miwani ya kukinga macho hakuivaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Sikusema haya ili kuwatia hofu. Nimesema ili tuone kwamba moyo mwema peke yake haumkingi mtu. Daktari shujaa na mwalimu wa kijijini, damu inawatendea sawasawa.

MAGONJWA MATATU YA KILA SIKU

Marburg ilikuja ikaondoka. Yapo magonjwa matatu ambayo hayaji kwa kishindo, lakini yako pamoja nasi kila siku, na yote hupita kwa damu.

La kwanza ni homa ya ini ya aina ya B. Wengi hawaiogopi kwa sababu haitajwi sana. Kumbe kwa mtoa huduma ya kwanza ndiyo ya kuogopwa zaidi. Tuseme watu 100 ambao hawajachanjwa wamechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hii: kati ya 6 na 30 wataambukizwa. Tena virusi vyake vinaweza kukaa hai katika damu iliyokauka juu ya meza au chombo kwa siku 7. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila dalili, halafu ini likaharibika au likapata kansa. Habari njema ni kwamba kuna chanjo.

La pili ni homa ya ini ya aina ya C. Kwa ajali ya sindano, walio katika hatari ni kama 2 kati ya 100, au chini ya hapo. Hii haina chanjo. Lakini siku hizi kuna vidonge vinavyoiponya, mara nyingi kwa majuma 12 tu, na Rwanda mwezi Desemba 2018 ilitangaza mpango wa kuitokomeza nchini. Ukiitwa kupimwa, nenda.

La tatu ni virusi vya UKIMWI. Hapa watu huogopa kupita kiasi mahali pasipostahili, na kusahau mahali panapostahili. Kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi, hatari ni kama 3 kati ya 1,000. Damu ikiruka machoni au mdomoni, ni kama 1 kati ya 1,000. Damu ikiangukia ngozi nzima, isiyo na kidonda, hatari ni ndogo mno. Tena mwenye virusi anayekunywa dawa zake vizuri, virusi katika damu yake hupungua sana.

Nimesema ngozi nzima. Hebu kila mmoja aitazame mikono yake sasa. Mwenye kulima ana nyufa. Fundi wa ujenzi ametafunwa na saruji. Mama anayefua ana vidole vilivyochubuka. Ngozi nzima ndiyo glavu ya kwanza aliyotupa Mungu, lakini kwa watu wa kazi kama sisi glavu hiyo ina matundu. Ndiyo maana tunahitaji ya pili.

KANUNI MOJA: DAMU YOTE NI SAWA

Katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea, wataalamu waliona kwamba haiwezekani kumtambua mgonjwa kwa kumtazama. Mtu mnene anaweza kuwa nao, na mtu aliyekonda akawa na njaa tu. Basi wakaweka kanuni moja, ambayo tangu 1987 imefundishwa duniani kote: ihesabu damu ya kila mtu kuwa inaweza kuwa na ugonjwa, na ujikinge kwa kila mtu kwa namna ile ile.

Kanuni hii inamlinda anayehudumia. Vilevile inalinda heshima ya anayehudumiwa, na hili kwetu kambini ni jambo kubwa. Tunaishi nyumba kwa nyumba. Ukivaa glavu kwa mama fulani na usivae kwa mwingine, kabla jua halijazama mtaa mzima utakuwa umemhukumu yule wa kwanza. Lakini ukivaa kwa mtoto wako mwenyewe, kwa mchungaji, kwa mwenyekiti na kwa mgeni, nani atakuwa na la kusema?

Nawashauri watoa huduma wajifunze maneno mafupi ya kusema huku wakivaa: "Pole sana, mama. Navaa hizi kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Huwavalia watu wote." Hayo yanatosha.

TUFANYE NINI PALE PALE?

Sasa niwape hatua, na ninaomba walimu waziandike ubaoni.

1. Kabla ya siku ya ajali, funika vidonda vyako mwenyewe kwa plasta. Mwenye kidonda kibichi mkononi amwachie mwingine kazi ya kufunga.

2. Mwite aliyeumia ajisaidie. Kama ana fahamu na mkono mmoja mzima, mpe kitambaa safi abonyeze kidonda mwenyewe wakati wewe unavaa glavu. Mtoto anayetoka damu puani aketi, ainamishe kichwa mbele, abane pua kwa vidole vyake mwenyewe. Damu inazuiwa, na wewe hujaigusa.

3. Vaa glavu. Kama damu inaruka, kinga macho na mdomo pia. Miwani ya kawaida ni bora kuliko macho matupu.

4. Ukimaliza, vua glavu kwa kuzigeuza nje ndani, ili upande wenye damu ubaki ndani. Usizifue ili uzivae tena. Kisha nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama glavu haikutoboka.

5. Damu iliyomwagika chini usiifagie. Ifunike kwa kitambaa au karatasi, mwagia maji ya klorini, subiri dakika 10, ndipo ufute ukiwa umevaa glavu. Kama chupa ya Javel, ambayo wengine huiita Jik, imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Nguvu ikiwa tofauti, vipimo hubadilika, kwa hiyo soma chupa kwanza. Tengeneza mpya kila siku.

6. Wembe, sindano na vioo usiviokote kwa vidole. Tumia koleo au kipande cha kadibodi, uvitie katika bidoni gumu lenye mfuniko. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Wengi huchomwa hapo hapo.

7. Vitambaa vyenye damu vipelekwe kituo cha afya au vichomwe mahali palipotengwa, mbali na watoto wanaookota vitu vya kuchezea.

UKIPATWA NA AJALI

Je, ukichomwa? Je, damu ikikurukia jichoni?

Kwanza, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi. Usikibane ili kutoa damu, wala usimwagie Javel. Unaiumiza ngozi bure. Jicho lisuuze kwa maji safi kwa dakika 15.

Pili, sema. Mwambie msimamizi wako au mshauri wa afya siku ile ile. Ukinyamaza kwa aibu, unapoteza saa ambazo hutazipata tena.

Tatu, nenda kituo cha afya mara moja. Kuna dawa zinazozuia virusi vya UKIMWI visijenge makao mwilini. Zikianza katika saa za mwanzo ni bora zaidi, na zisichelewe kupita saa 72. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza. Kama hujachanjwa homa ya ini B, uliza kuhusu chanjo hapo hapo. Ikitolewa mapema, ndani ya saa 24, inaweza kukukinga hata baada ya ajali. Utapimwa siku ile, na tena baada ya majuma na miezi watakayokuambia. Ndugu zetu wa mjini wenye mutuweli waende na kadi zao. Na wote mkumbuke namba 912, ya gari la wagonjwa hapa Rwanda.

TUNAYOOMBA

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, sasa nageukia upande wenu.

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, ina sehemu juu ya afya na usalama kazini, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini kati yetu wengi hawana mwajiri wa namna hiyo. Kuna fundi anayejiajiri chini ya turubai. Kuna mwalimu, mshauri wa afya na mlinzi wa usiku wanaofanya kazi ya jamii kwa posho ndogo. Damu haiulizi kama mtu ana mkataba au anapata posho. Basi vifaa vya kujikinga navyo visiulize.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

La kwanza: kila shule, kila karakana, kila kanisa na msikiti, na kila kundi la umuganda liwe na sanduku moja la huduma ya kwanza. Ndani yake glavu ziwe jozi zisizopungua 10, pamoja na sabuni, bandeji, plasta, kitambaa safi na bidoni la vyenye ncha. Mtu mmoja awe na ufunguo na daftari, na mtu wa pili ajue ufunguo ulipo. Sanduku lililofungwa wakati mwenye ufunguo yuko sokoni ni pambo la ukutani.

La pili: watoa huduma wote waandikwe majina, wapimwe homa ya ini, na wanaohitaji wapate chanjo ya aina ya B, dozi zote 3. Rwanda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Wengi wetu hapa tulizaliwa kabla ya hapo, tena upande wa pili wa mpaka. Watoto wetu wana kinga ambayo sisi wazazi hatuna. Mashirika yakitusaidia katika hili peke yake, yatakuwa yametusaidia sana.

La tatu: pawe na daftari la ajali linalotunzwa kwa siri. Liandike siku, saa, mahali na namna ajali ilivyotokea. Jina la aliyeumia lisisomwe mkutanoni. Kwa daftari hilo kamati itajua kama ajali nyingi zinatoka kwenye mashine ya kusaga au kwenye useremala, na itajua pa kuanzia.

La nne: glavu zikiisha, ziagizwe kabla ya jozi ya mwisho. Nasema hivi kwa sababu nimeona sanduku zuri likizinduliwa kwa picha na makofi, na baada ya miezi mitatu ndani yake kuna mkasi na buibui. Gharama ya glavu ni ndogo. Ziwekwe katika bajeti ya kila robo mwaka kama chaki zinavyowekwa.

Na sisi wakazi tuna wajibu wetu. Tusiibe glavu kwa kufulia au kupaka rangi. Tusiwacheke wanaozivaa. Tusimkimbilie mtu kwa mikono mitupu kwa sababu tu watu wanatutazama.

MASWALI YALIYOULIZWA

Baada ya mazungumzo waliohudhuria waliuliza maswali. Kamati imechagua matatu.

Mzee mmoja aliuliza: Mwalimu, kama jirani yangu anatoka damu nyingi na sina glavu, unaniambia nimwache afe?

Jibu: La, mzee wangu. Sikusema hivyo, na asitoke mtu hapa akisema hivyo. Mwambie abonyeze mwenyewe. Kama hawezi, kunja kitambaa kinene mara nyingi, au kanga, au koti lako, ubonyeze kwa hicho ili damu isifike mkononi. Ukimaliza, nawa vizuri. Kama damu imefika kwenye kidonda chako, nenda kituo cha afya. Katika nchi nyingine watu hufundishwa kuvaa mfuko wa plastiki mkononi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na tunafurahia usafi wake. Basi tusiutegemee mfuko ambao hatuna. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na glavu mapema.

Mama mmoja aliuliza: Si ingekuwa rahisi wenye virusi wajulikane, ili anayewahudumia ajihadhari?

Jibu: Mama, nimekuelewa, lakini njia hiyo ingetuumiza sote. Kwanza, wengi hawajui hali yao wenyewe, kwa hiyo orodha ingekuwa ya uongo, na mhudumu angejiachia mbele ya mtu asiye kwenye orodha. Pili, wale wa mwaka 2024 wangeandikwa kwenye orodha gani, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa haujapata jina? Tatu, siri ya mgonjwa ni haki yake. Akiogopa kutangazwa, hatakwenda kupimwa wala kunywa dawa. Tujikinge kwa wote, na hatutahitaji kumjua yeyote.

Kijana mmoja mwendesha pikipiki aliuliza: Sisi wa barabarani hatuna karakana wala sanduku. Tufanye nini?

Jibu: Jozi mbili za glavu ndani ya kifuko cha kitambaa, chini ya kiti, hazichukui nafasi. Ajali ikitokea, zuia magari kwanza ili msigongwe na ninyi, piga 912, vaa glavu, zuia damu. Usimvute aliyeanguka wala usimvue kofia yake kwa nguvu, kama hakuna hatari inayowalazimisha kuondoka mahali pale. Shingo yake inaweza kuwa imeumia. Chama chenu kikitenga fedha kidogo kila mwezi, kila mwanachama atakuwa na glavu zake.

MWISHO

Ndugu zangu, siku hii tunaikumbuka safari yetu. Katika safari ile kila mmoja wetu alishikwa mkono na mtu: kuna aliyebebwa mgongoni, kuna aliyefungwa jeraha njiani na mtu asiyejua hata jina lake. Hatukuwauliza kama wana glavu, na wao hawakuwa nazo. Leo tuna anwani, tuna kamati, tuna vituo vya afya na wageni wanaotusikiliza. Kwa kuwa sasa tunaweza kuwalinda, ni wajibu wetu kuwalinda.

Kabla sijaketi, ninaomba tusimame kwa dakika moja. Tuwakumbuke wahudumu wa afya waliofariki hapa Rwanda mwaka 2024, wa Yambuku, wa Kikwit, wa Gulu, na wote waliopata kifo kwa kumgusa mgonjwa ili kumsaidia.

Asanteni. Kisha, mkirudi nyumbani, fungueni lile sanduku muone kilichomo.